Jina Ulilokataa Kunitajia

Mpendwa Mama Rukia,

Nakuandikia nikiwa barazani kwetu Mafiga. Mvua imenyesha mlimani tangu alfajiri, ukungu umeifunika Uluguru yote, na hewa ni ile uliyokuwa ukiipenda, ya kujitupia kanga ya pili mabegani. Jana Rukia alikuja kunitembelea. Amepewa kuongoza wenzake ofisini kwao, baadhi yao wakubwa kwake kwa umri, na ana wasiwasi. Akaniuliza, "Baba, mama alikuwa anawezaje?" Nikamwambia anipe muda nifikiri. Ukweli ni kwamba sikuwa nafikiri chochote. Nilishikwa na hamu yako ghafla, nikafuta macho, nikasingizia chai kuwa ya moto.

Kwa hiyo kabla sijamjibu yeye, acha kwanza niongee na wewe.

Unakumbuka siku niliyoanza kazi pale kiwandani? Nilikuwa nimeshuka kutoka Kinole na begi la nguo na viatu vya kaka yangu, sijawahi kuona mtambo mkubwa kuliko mashine ya kusaga mahindi. Walipofungua mlango wa ukumbi wa kufuma, ile kelele ilinipiga kifuani. Mitambo yote inagonga kwa pamoja, vumbi la pamba linaelea hewani kama unga, na katikati yake watu wanapita wametulia kabisa, wanacheka, wanazungumza, nami sisikii hata neno. Nikadhani masikio yangu ndiyo yameharibika. Wewe ndiye uliyepewa kunifundisha kazi. Ulikuja ukasimama mbele yangu, karibu kiasi cha kunitia haya, ukanitazama machoni na kufungua mdomo polepole. Nikaelewa bila kusikia. Ulikuwa unaniuliza jina.

Mle ndani kupaza sauti kulikuwa kazi bure. Ukitaka kusema na mtu ilibidi umfuate alipo, umguse bega, usubiri amalize kuunga uzi wake uliokatika, akugeukie, ndipo uzungumze naye kwa midomo na mikono. Fundi alikuwa ngumi inayozunguka kama inakaza nati. Meneja alikuwa vidole viwili kwenye kola ya shati. Ulinifundisha hayo yote kabla hujanifundisha kuunga uzi, na nilipokuuliza kwa nini umeanza huko, ulisema uzi unaweza kungoja lakini mtu ukimkosea siku ya kwanza atakukumbuka hivyo. Baadaye, tulipokwisha kuoana, uliniambia ukumbi ule ulikufundisha adabu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu haukumruhusu mtu kusema na mwenzake akiwa amempa mgongo.

Tulikuwa tumepanga chumba Mwembesongo, kabla ya kuhamia huku Mafiga, na Rukia ndiyo kwanza anatambaa walipokufanya msimamizi wa shifti yetu. Nakumbuka ulivyonieleza. Hukunieleza kama habari njema. Ulisubiri nimalize kula, ukaondoa sahani, ukakaa na kuniuliza kama nitaweza kupokea maagizo kutoka kwako. Nikasema nitaweza. Ukasema nisijibu haraka. Basi Jumapili nikapanda Kinole kumuuliza mjomba, nikitegemea atanionea huruma. Mjomba alicheka mpaka akashika ubavu. Akaniuliza shamba alilolima baba yangu maisha yake yote lilikuwa la ukoo wa nani. Nikasema la ukoo wa mama, kama ilivyo desturi kwetu. Akaniuliza kama baba aliwahi kufa kwa aibu. Nikarudi mjini bila huruma niliyoifuata, ila na mkungu wa ndizi.

Tulikubaliana mambo yetu. Kutoka nyumbani hadi getini tulikuwa mke na mume, tunagombania nani aliyesahau kumwachia jirani uji wa mtoto. Tukishapita geti wewe ni Msimamizi, mimi ni Bwana Salehe. Ulilishika jambo hilo kwa ukali kuliko nilivyotarajia. Siku niliyochelewa kwa sababu nilikuwa nimempeleka Rukia zahanati, na wewe mwenyewe ndiye uliyenituma, uliniandika nimechelewa kama ulivyomwandika mwingine yeyote. Nilikutazama nikidhani utanikonyeza. Hukunikonyeza.

Lakini kitu kilichowafanya watu wakukubali, nadhani, kilitokea siku yako ya kwanza. Bi Mwanaidi ndiye aliyekuwa mkongwe wa shifti. Alikuwa amefika kiwandani tangu kinafunguliwa, mama mtu mzima kutoka Matombo, na watu walisema hatakubali kusimamiwa na binti ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Ulianza ukaguzi wako kwenye mashine yake. Ulisimama, ukangoja aunge uzi, akageuka. Sasa shikamoo mle ndani haisikiki. Ukapiga goti kidogo, mbele ya shifti nzima, wewe msimamizi na yeye mfumaji, ukamwamkia kwa midomo. Naye akaitikia kwa kukuwekea mkono kichwani. Tangu siku hiyo, mtu aliyetaka kukubishia ilibidi ampitie kwanza Bi Mwanaidi, na huko hakukuwa na njia.

Kisha ikaja ile ya Mbwana. Rukia hakuwahi kuisikia, nami nitamsimulia, kwa sababu humo umo wewe mzimamzima. Mbwana alikuwa fundi wetu wa mitambo, hodari kweli, na hodari wa kudharau watu pia. Siku moja mashine ya Bi Mwanaidi iligoma mara kwa mara, akaitwa, akachoka kuitwa. Mwisho akamwonyesha yule mama, kwa mikono, mbele ya watu wote, kwamba akili yake imezeeka akalale. Kila mtu aliona. Bi Mwanaidi aliinamia kitambaa chake, akaendelea kufanya kazi, na mabega yake yakawa madogo.

Nilikutazama nione utafanya nini. Hukufanya kitu. Nilikasirika kwa niaba yako. Kumbe ulikuwa unangoja king'ora. Watu walipotoka ulimfuata Mbwana kwenye chumba chake cha vipuri, peke yako, ukaanza kwa kumuuliza hali ya mkewe aliyekuwa amejifungua kwa shida wiki ile. Akakueleza. Ulimsikiliza mpaka mwisho, kisha ukamwambia lililokupeleka. Mbwana mwenyewe alinisimulia miaka mingi baadaye, na maneno yako alikuwa ameyashika kama yalivyo: "Mimi nimekuja kukusema faraghani, maana sitaki uaibike. Lakini wewe ulimtukana mama yule mbele ya watu, kwa hiyo radhi nayo ukamwombe mbele ya watu."

Alisema usiku ule alikuchukia. Asubuhi akaja, akasimama mbele ya Bi Mwanaidi, akakunja mikono kifuani na kuinamisha kichwa, ukumbi mzima ukitazama. Yule mama akampiga kikofi kidogo cha shavu kama mtoto. Na ile mashine ikatengenezwa siku hiyohiyo ikatengemaa.

Hayo yalikuwa miaka ile mambo mengi yalipoanza kuwa ruksa. Mwanzoni sote tulifurahi. Sabuni zilirudi madukani, sukari ikarudi, mtu alikuwa anaweza kununua betri ya redio bila kujuana na mtu. Ulininunulia shati la mtumba pale sokoni, la kitambaa kizuri, nikalivaa kazini. Uliposhika ukosi wake kuangalia mfumo wa nyuzi, kama ulivyozoea, uliniambia taratibu kwamba hilo ndilo litakalotufungia milango. Nikakucheka. Baada ya muda majora ya kanga zetu yakaanza kurundikana ghalani hadi dari. Shifti ya usiku ikafutwa. Magari ya kubebea wafanyakazi yakauzwa. Kisha tukaambiwa kiwanda kimepata mwenyewe, na huyo mwenyewe akamleta meneja wake kutoka Dar es Salaam.

Hakuwa mtu mbaya yule kijana. Wewe ulikuwa wa kwanza kulisema hilo, wakati sisi wengine tulikuwa tunamsema kila kona. Ulisema anatuogopa. Alikuwa amesoma, umri wake sawa na mdogo wako wa mwisho, na ofisi yake ilikuwa juu na dirisha la kioo linalotazama ukumbi. Alipita asubuhi bila kumsalimia mtu, akapanda ngazi, na habari zake zote zikawa zinatufikia kwa matangazo kwenye ubao. Saa za kazi zimebadilika, soma ubaoni. Chai ya jioni imefutwa, soma ubaoni. Bi Mwanaidi hakujua kusoma vizuri. Siku moja mtu akamsomea tangazo kinyume kwa mzaha, akaja kazini wakati usio wake na kukatwa mshahara wa siku. Ulipanda ngazi ukamweleza Meneja. Akasema tangazo lilikuwa wazi.

Halafu ikawa hiyo siku.

Uliyosema naye ofisini niliyajua jioni. Tulichokiona sisi ni wewe kuitwa juu, na kwenye kioo wewe umesimama, yeye amekaa, kisha yeye akasimama, kisha mkakaa wote wawili. Ulikaa huko muda mrefu. Kumbe alikuwa amekuambia karibu nusu ya shifti inapunguzwa, na majina yatabandikwa ubaoni baada ya king'ora, watu wakiwa wanatoka. Ukamwambia watu waliokaa pale tangu ujana wao hawawezi kuagwa na karatasi yenye pini. Akakuuliza unataka afanye nini, ashuke akatukanwe? Ukamjibu kwamba utakwenda wewe, mmoja mmoja, ili mradi yeye asibandike chochote. Akakubali. Nadhani alishukuru moyoni.

Ulishuka ukaanza na mashine ya mlangoni. Ukamgusa bega mfumaji wa kwanza, ukamwonyesha jirani yake amshikie mashine, ukatoka naye kwa ule mlango wa pembeni unaotazama milima. Wakarudi. Ukamgusa wa pili. Ukatoka naye. Tetesi za kupunguzwa zilikuwa zimeshaenea, na mwanzoni tulidhani wanaoitwa ndio wanaoondoka; kila uliyemkaribia alikiinamia kitambaa chake. Lakini uliita kila mtu. Uliwaita wanaoondoka na wanaobaki, kwa mpangilio wa mashine, ukakaa na kila mmoja muda uleule, na wote wakarudi kwenye mashine zao wakaendelea kufuma. Hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake akajua. Kila mtu aliachiwa habari yake aibebe mwenyewe mpaka nyumbani, akaitoe kwa mkewe au mumewe atakavyopenda. Mama Rukia, nimefanya kazi na watu wengi tangu wakati huo, na sijaona mtu mwingine aliyefikiria hilo.

Bi Mwanaidi alipotoka nawe alikawia kidogo. Aliporudi, alipita kwenye mashine yangu akanishika mkono, akaendelea na safari yake. Sikuelewa maana yake.

Zamu yangu ikafika. Hukuniruka, wala hukuniweka mwisho. Ulinigusa bega kama ulivyowagusa wengine, na pale mlangoni mwanga wa nje ulinipiga macho. Kulikuwa na marobota ya pamba yamepangwa ukutani na mlima wote ulikuwa wazi siku hiyo, unaonekana mpaka mashamba ya juu kabisa. Ulisimama mbele yangu, mikono umeishikanisha. Sauti yako ilikuwa imeanza kukauka kwa kusema.

"Bwana Salehe," ulisema, "wewe ni mmoja wa wanaopunguzwa. Mwisho wa mwezi huu ndio mwisho wa kazi. Umefanya kazi nzuri hapa, na nimeona. Kama una neno la kusema, nakusikiliza."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilitaka kukuuliza kama ni wewe, kama ni kweli, kama tutakula nini. Lakini uliniita Bwana Salehe, na kama ningeanza kukuita vingine pale ungeshindwa kuendelea, na nyuma yangu kulikuwa na watu wanangoja kusikilizwa na wewe. Nikasema, "Nimesikia, Msimamizi." Nikarudi ndani. Ukumbi ulikuwa unaunguruma vilevile, na mikono yangu ikaunga nyuzi bila mimi.

Jioni ile tulitoka getini pamoja kama kawaida. Tulipofika ulimwacha Rukia aendelee kucheza kwa jirani, ukaingia ndani, ukafunga mlango na kuvua kilemba. "Sasa mimi ni mkeo," ulisema. "Ulichokimeza kule, kiteme hapa."

Nikakuuliza kama uliniombea. Ukakaa chini kwenye mkeka. Ukanieleza kwamba Meneja mwenyewe, bila kuombwa, alikuambia anaweza kukubakishia mumeo, kwa kuwa unaibeba kazi nzito. Ukamuuliza atatoka nani badala yangu. Akatazama karatasi zake akataja jina. Nawe ukamwambia aache kama ilivyo.

Nikakuuliza jina la nani.

"Sikutajii," ulisema.

Nikakuuliza tena. Nikakwambia nina haki ya kujua mtu uliyemweka mbele ya mtoto wetu. Ulikuwa unalia, lakini sauti yako haikuyumba. "Nikikutajia, kila utakapomwona utaona mtu anayekula chakula chako. Naye hajui lolote. Hajakukosea."

"Nani aliyenikosea basi?"

"Mimi. Nikasirikie mimi, nipo hapa."

Na nilikukasirikia. Unajua jinsi nilivyokukasirikia. Nilikodi jaruba la mpunga kule Dakawa na kuhamia huko, nikisema kazi ya maji haitaki mtu wa kwenda na kurudi, wakati wenzangu wengi walikuwa wanakwenda na kurudi. Nilikuja nyumbani Ijumaa kwa ajili ya Rukia na kuondoka Jumamosi. Siku nyingine tukiwa tunakula niliyapitisha majina kichwani, mmoja baada ya mwingine, waliobaki kwenye shifti. Nilimdhania Mbwana. Nikamdhania yule aliyekuwa mashine ya pili kutoka yangu. Nilikutana na Mbwana njiani Mwembesongo nikavuka upande wa pili, na yule maskini akabaki ameinua mkono.

Ndipo ulipokuja Dakawa. Hukunipa taarifa. Ilikuwa msimu wa kupandikiza, nimeinama kwenye tope tangu asubuhi, nikasikia watu wa majaruba ya jirani wanacheka na mwanamke. Nikainua kichwa nikakuona unakuja juu ya tuta, viatu mkononi, unamsalimia kila mtu kwenye jaruba lake kana kwamba mlikua pamoja. Ulipofika kwangu ulikuwa umeshajua nani ana mgonjwa nyumbani na nani amegombana na nani kwa ajili ya zamu ya maji. Mimi nilikuwa nimekaa nao msimu mzima, sijui hata majina yao yote. Mzee wa jaruba la pembeni akaniuliza huyu ni nani. Nikasema ni mke wangu. Nikajisikia nilivyolisema, kwa majivuno, na hasira ikaniishia hapohapo katikati ya tope. Hukuwa na haja ya kuongea. Ulikunja gauni ukaingia majini, ukaniomba nikuonyeshe namna ya kushika miche, nikakuonyesha. Uliipanda vibaya. Niliirudia yote kesho yake.

Jioni ile, tukisubiri gari la kukurudisha mjini, uliniambia kwamba kila siku ulipopita kwenye mashine yangu, ambayo ilikuwa imezimwa, uligusa chuma chake kwa kidole. Nilikushikia kikapu.

Kiwanda chenyewe hakikudumu. Kabla mvua za mwaka wa pili hazijaisha kikafungwa, na wote waliobaki wakatoka, pamoja na wewe, pamoja na huyo nisiyemjua. Ndipo nikakwambia, si kwa ubaya, kwamba basi ingekuwa yaleyale. Ulikuwa unachambua mchele. Ukasema, "Isingekuwa yaleyale," ukaendelea kuchambua. Ilinichukua muda kuelewa. Ningekuwa nimepata misimu michache ya mshahara, na wewe ungekuwa na mtu mmoja mjini hapa ambaye huwezi kumtazama machoni.

Ulipougua, wodi ilikuwa haina nafasi ya wageni wako. Muuguzi alilalamika. Walikuja watu wa shifti yetu, walioondoka siku ile na waliobaki, waliokwisha kuwa wauza mchicha, wapika maandazi, wafyatua matofali. Bi Mwanaidi aliletwa kutoka Matombo na mjukuu wake, akakaa kitandani pako akikukanda miguu, na wewe, ambaye hata kunyanyuka huwezi, ukakazana upate kuinamisha kichwa umwamkie. Mbwana alikuja na machungwa. Mimi nilisimama pale mlangoni nikimtazama usoni kila anayeingia, naye anaposhika mkono wako najiuliza, ndiye huyu? Uliniona. Uliniita karibu, nikadhani unataka maji. Ukaninong'oneza, "Baba Rukia, acha kuwachunguza wageni wangu." Na ukacheka, kile kicheko chako cha kikohozi, hadi muuguzi akaja kuangalia kuna nini.

Nilijua basi kwamba hutaniambia. Na nilijua pia kwamba sitaki tena kuambiwa.

Tangu uondoke nimekuwa nikikutana nao mjini. Nakutana nao sokoni, misikitini, kwenye misiba, kwenye foleni ya hospitali. Wamezeeka kama mimi. Kwa kuwa sijui ni yupi, nawasalimu wote kama ndiye. Nasimama, nauliza watoto, nasikiliza mpaka mtu amalize, hata nikiwa na haraka. Kwanza nilikuwa nafanya hivyo kwa ajili yako. Siku hizi nafanya kwa sababu nimezoea kujua habari zao, na nisipomwona mmoja muda mrefu naulizia. Labda hilo ndilo nitakalomwambia Rukia. Sina fundisho jingine. Nitamsimulia ulivyopiga goti mbele ya Bi Mwanaidi, na ulivyoita kila mtu mlangoni, kisha yeye mwenyewe ataona la kufanya na hao wakubwa zake.

Lakini kuna kitu sitamsimulia, nakuambia wewe tu. Kazini ulikuwa na neno kwa kila mtu. Nyumbani ukikasirika, ulinuna. Rukia hajui, maana mbele yake ulijikaza. Ungeweza kusonga ugali, ukaupakua, ukauweka mbele yangu, ukakaa, ukala, ukaondoa vyombo, bila kunipa hata herufi moja, siku ya kwanza na ya pili. Mwanamke aliyewafundisha watu wa kiwanda kizima kuzungumza, ananinunia kwa sababu nimesahau kuanua nguo. Nilikuwa naona ni adhabu kubwa. Nilikuwa nakwenda barazani kukaa, hapa hapa nilipo sasa, nasikia masufuria yakigongana jikoni kwa nguvu kuliko ilivyo lazima, ili nijue kwamba bado.

Nyumba sasa imetulia. Rukia ameniletea jiko la gesi, halina hata sauti. Mama Rukia, leo ningekuomba uninunie. Uninunie mwezi mzima, sitalalamika, sitauliza kosa langu ni lipi. Ningekaa hapa barazani nisikilize masufuria.

Mungu akupumzishe mahali pema, na akupe huko majirani wanaosalimiana. Mimi nipo, nakula, nalala, nakukumbuka.

Mumeo,
Baba Rukia